Kauri Zilizohamia Wodi ya Wazazi

Nchi yetu haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Kama kuna mtu anadhani amewahi kupanga foleni ndani yake, huyo akamwone daktari wa macho. Mimi nitasimulia yaliyotokea tu, bila kumlaumu mtu, maana kwetu kulaumu ni kazi ya Serikali, nasi raia tunaheshimu mgawanyo wa kazi.

Rais wetu, Baba Mlezi, alikuwa na kila kitu ambacho rais anastahili kuwa nacho: picha kila ukuta, barabara zenye jina lake, na wimbo wa kuimbiwa anapopiga chafya. Alichokosa ni ustaarabu. Jambo hili aliligundua mwenyewe, bila msaada wa wapinzani, siku alipotembelewa na mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Ufaransa aliyeitwa Musiyo Garnotel. Baba Mlezi alimpeleka kwenye jumba letu la makumbusho. Musiyo Garnotel akatazama kinu, akatazama ngoma, akatazama mkuki uliokula kutu, kisha akauliza kwa upole:

"Na vitu vyenyewe viko wapi?"

Baba Mlezi aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Mwaka huohuo msitu wa Lungwi ulihama nchini ukiwa mbao, na badala yake yakaja makasha yaliyojaa nyasi kavu. Ndani ya nyasi mlikuwa na sahani, vikombe, mabirika, na vinyago vidogo vya wachunga kondoo wenye mashavu mekundu, vyote vya kauri, vyote vimetengenezwa Ufaransa karne ile ya kumi na nane, wakati wafalme wa huko walipokuwa bado wana vichwa. Redio ilitutangazia kwamba sasa tumestaarabika. Tukashangilia. Ukiambiwa umestaarabika huku umesimama juani, usipocheza unaonekana una neno.

*

Katika nchi nzima mtu aliyesomea kauri alikuwa mmoja tu. Jina lake Fidelis Kijoti. Ujanani alipelekwa Ufaransa na Serikali kusomea uhandisi wa saruji, lakini mahali fulani njiani mambo yakachanganyika, akajikuta anasomea historia ya vyombo. Aliporudi na shahada yake, Serikali haikumtupa. Ilimpa meza katika ofisi ya leseni za baiskeli, na hapo akagonga mihuri mpaka nywele zikaanza kuingia mvi.

Mkewe aliitwa Asteria, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Walikuwa wameoana kwa muda mrefu bila kupata mtoto, wakawa wameshazoea kuulizwa na wameshachoka kujibu. Mwaka zilipofika kauri, Asteria alikuwa mjamzito.

Fidelis aliitwa Ikulu asubuhi moja. Alimkuta Mama wa Taifa, yaani mke wa Baba Mlezi, amekaa mezani anakunywa supu ya maboga. Alikuwa anainywea kwenye chombo kirefu chembamba, chenye umbo la mashua, mkono mmoja nyuma, kimepakwa rangi ya waridi na kuchorwa vitoto vyenye mabawa.

"Mkurugenzi," alisema Mama wa Taifa, na hivyo ndivyo Fidelis alivyojua kwamba amepandishwa cheo. "Katika vyote nimekipenda hiki. Hili ni bakuli la mchuzi la malkia, sivyo?"

Fidelis alikitazama kile chombo. Alikijua vizuri mno. Enzi zile mabibi wakubwa wa Ufaransa walivaa magauni mapana kama mahema, na mahubiri kanisani yalikuwa marefu kupita kiasi cha kibofu. Basi mtumishi alikuwa akiingiza chombo cha namna ile chini ya gauni, bibi akajisaidia palepale aliposimama, akiendelea kumtazama padri kwa unyenyekevu. Kilikuwa poti la kukojolea.

Supu ya maboga ilikuwa bado inang'aa kwenye midomo ya Mama wa Taifa.

"Ndiyo, Mama," alisema Fidelis. "La malkia."

Akaingia Baba Mlezi. "Mkurugenzi, hawa wageni wetu wanataka matunzo gani?"

Ukweli ni kwamba kauri haitaki matunzo yoyote. Imezaliwa ndani ya moto ambao ungeyeyusha sufuria. Joto la nchi yetu kwake ni mchezo. Inaomba kitu kimoja tu: usiiangushe. Lakini Fidelis aliona kwamba akisema hivyo, nchi haitahitaji Mkurugenzi, itahitaji kabati. Akaiona ile meza ya leseni za baiskeli inamsubiri. Akakohoa kidogo kama wanavyokohoa wataalamu.

"Zinahitaji ubaridi, Mheshimiwa. Ubaridi usiopanda wala kushuka, mchana na usiku. Jengo lenye kuta nene za mawe, na jenereta lisilozimika. Na utulivu."

Baadaye alisema kwamba akilini mwake alikuwa anaifikiria Benki Kuu.

"Benki Kuu nimeshaweka vitu vyangu," alisema Baba Mlezi. "Kuta za mawe na jenereta ninavijua viko wapi."

*

Vilikuwa Hospitali ya Wazazi, iliyojengwa na wakoloni kwa ajili ya wake zao, nasi tukairithi pamoja na jenereta lake, kubwa kama tembo aliyelala.

Kazi ya kuhamisha ilisimamiwa na Waziri Lushanga, Waziri wa Utamaduni, Utulivu na Mambo Mengineyo, mtu mwembamba aliyezungumza kama anayefungua mkutano hata anapoomba chumvi. Aliwatoa wanawake wote uani, waliojifungua na waliokuwa katikati ya kujifungua, akawahutubia wakiwa juu ya magodoro.

"Mama zangu wapendwa," alisema, "historia imewachagueni! Ni wanawake wangapi duniani wameweza kusema, 'Mahali nilipolalia mimi, sasa amelala mfalme wa Ufaransa'?"

"Amelala mfalme?" aliuliza mmoja, akishika kiuno.

"Sahani yake," alisema Lushanga. "Usikatize."

Walipelekwa kwenye banda la zamani la dagaa, nyuma ya soko. Lilikuwa na paa, na upande mmoja lilikuwa na ukuta. Wakunga walibeba mikasi, ndoo, na jokofu la damu ambalo halikuwa na mahali pa kuchomekwa. Harufu ya dagaa, alieleza Waziri, ina madini.

Siku ya ufunguzi Baba Mlezi mwenyewe alijibu manung'uniko ambayo hakuna aliyethubutu kuyatoa. "Nasikia watu wanauliza, kipi bora, mtoto au sahani?" alinguruma. "Swali la kijinga! Mtoto akipotea, mama yake yupo, atazaa mwingine. Sahani hii ikivunjika, nani kati yenu ataizaa? Anyooshe mkono!"

Hakuna aliyenyoosha. Hoja ilikuwa nzito, na askari walikuwa wengi.

Jioni hiyo Asteria alikuwa anapindisha kola ya shati la mwanafunzi. Hakuinua kichwa.

"Fide, na mimi nitazalia wapi?"

"Utapata kibali cha Hospitali ya Jeshi. Mke wa Mkurugenzi hawezi kuzalia kwenye dagaa."

"Na wenzangu?"

"Wenzako... Serikali inalishughulikia."

Asteria alikata uzi kwa meno. "Hizo sahani ni kweli zinaumwa na joto?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, mke wangu."

Alimtazama mumewe, na kile kicheko chake kikubwa hakikuja. Akaingiza uzi mwingine kwenye sindano.

*

Ikafuata Sheria ya Utulivu, kwa sababu Fidelis alikuwa amelitamka neno hilo na Baba Mlezi hakusahau. Kutwanga kulipigwa marufuku katika mji mkuu mzima, maana mtwango hutikisa ardhi na ardhi hutikisa rafu. Watu wakaanza kula mahindi ya kuchemsha. Harusi zilifungwa bila vigelegele. Mama mmoja muuza pilipili, aliyekuwa amekaa na kapu lake karibu na lango la hospitali ile, sasa jumba la kauri, alihukumiwa kwa kosa la uchochezi. Wakili wake akauliza amechochea nini. Akajibiwa: chafya.

Watoto wa shule waliletwa kwa zamu kuona ustaarabu. Walivuliwa viatu mlangoni, wakafungwa mikono nyuma kwa utepe wenye rangi za bendera, wakapitishwa mbele ya makabati ya vioo huku kiyoyozi kikiwapulizia baridi mpaka meno yakagongana. Na meno yakigongana, mwalimu alichapwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa katika vyumba vilevile. Msichana mmoja aliuliza kwa nini wale wachunga kondoo wana mashavu mekundu namna ile. Akaambiwa wamekula.

Askari wa jumba walifundishwa kunong'ona. Ujumbe wowote kutoka langoni hadi ndani ulipitishwa sikio kwa sikio, kwa maneno yasiyozidi matatu, ili hewa isisumbuliwe.

Lakini kilichotukuka kuliko vyote kilikuwa Bakuli la Mchuzi. Mama wa Taifa hakuacha kulisifu, kwa hiyo likawekwa kwenye noti, kisha kwenye stempu, kisha kwenye kofia za polisi. Baba Mlezi akaamuru kwamba kila waziri anayeapishwa anywe funda la supu kutoka humo, mbele ya taifa. Na kwa kuwa aliwabadilisha mawaziri kama watu wengine wanavyobadilisha soksi, bakuli lilifanya kazi sana. Mtu pekee aliyeruhusiwa kulibeba alikuwa Mkurugenzi, aliyevaa glavu nyeupe. Fidelis alilipeleka kwenye midomo ya wakubwa mmoja baada ya mwingine, akiwatazama wanavyomeza na kufumba macho kwa uchungu wa uzalendo. Sitasema kwamba hakufurahia. Alikuwa amegonga mihuri ya baiskeli kwa muda mrefu.

Kuhusu kibali cha Asteria, alikwenda kwa Waziri Lushanga zaidi ya mara moja.

"Hospitali ya Jeshi imejaa, ndugu Mkurugenzi."

"Imejaa wagonjwa?"

"Makasha. Yale makasha matupu. Ni ya Ufaransa yale, hatuwezi kuyaacha nje yakinyeshewa." Lushanga aliweka mkono begani mwake. "Ila usiwe na wasiwasi. Nimeagiza banda la dagaa lifagiwe."

*

Uchungu ulimshika Asteria asubuhi ya siku ya kuapishwa Baraza jipya la Mawaziri pale jumbani. Fidelis alikuwa ameondoka tayari na glavu zake. Mama mzazi wa Asteria, Bi Nambia, mwanamke mrefu aliyekuwa ameachana na kicheko siku alipofiwa na mumewe, alimkokota mwanawe hadi bandani. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana, mzima, analia kwa kujiamini. Kisha damu ikaanza kutoka, haikusimama.

"Tunayo damu ya kundi lake," alisema mkunga, "ilikuwamo humu." Akafungua lile jokofu lisilochomekwa popote, kisha akalifunga haraka, kwa sababu ya harufu.

Bi Nambia alikimbia hadi jumbani. Alikimbia bila viatu na kitambaa chake cha kichwa kilianguka njiani. Langoni akamwambia askari wa kwanza:

"Mwanangu anatoka damu! Mwambie mumewe, Mkurugenzi, damu ya kumwongezea imeoza kwa kukosa umeme. Aje sasa hivi! Aje na gari, aje na daktari, aje!"

"Maneno matatu, mama," alinong'ona askari.

"Nini?"

"Ndiyo utaratibu. Na punguza sauti."

Bi Nambia alishika nguzo ya lango. Akasema, "Mkewe anatoka damu."

Askari wa kwanza akamnong'oneza wa pili: mkewe anatoka damu. Wa pili alikuwa na mafua, akamnong'oneza wa tatu: mkewe ana damu. Wa tatu aliona maneno hayo hayana maana, kwani nani asiye na damu, akayasahihisha. Fidelis alikuwa amesimama kando ya Baba Mlezi, ameshika bakuli kwa mikono yote miwili, mstari wa mawaziri ukimsubiri, askari alipoinama sikioni mwake.

"Mkewe ana hamu," alinong'ona.

Fidelis alitabasamu. Mwezi mzima ule Asteria alikuwa akitamani vitu vikali, mara ukwaju, mara maembe mabichi. Alinong'ona jibu bila kugeuza shingo:

"Anunuliwe ndimu."

Jibu hilo lilirudi hadi langoni likiwa kamili. Halikupotea hata silabi.

Bi Nambia alimtazama yule askari. "Ndimu?"

"Ndivyo alivyosema Mkurugenzi, mama."

Bi Nambia aliiachia nguzo ya lango. Aligeuka akarudi, na safari hii hakukimbia.

Sherehe ilipokwisha, Fidelis alipitia sokoni kwa hiari yake, akachagua ndimu nzuri zenye ngozi nyembamba, akazijaza mfukoni mwa koti. Nyumbani hakukuwa na mtu. Jirani alimwelekeza bandani, akakataa kumtazama usoni.

Alimkuta Asteria amelazwa juu ya meza ya kuanikia dagaa, amefunikwa khanga mpaka juu ya kichwa. Chini ya meza mchanga ulikuwa umeloa, na nzi walikuwa wameshapata habari. Bi Nambia alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtoto mapajani, amemviringisha kwenye kitambaa cha sare za shule ambacho mama yake hakuwahi kukishona.

"Umeleta ndimu?" aliuliza Bi Nambia.

Fidelis alisimama na mfuko wake umetuna. Alitaka kusema kwamba aliambiwa hamu, kwamba hakuambiwa damu. Akafungua mdomo. Mkunga aliyekuwa akiosha mikono akasema, bila kumlenga mtu, "Lingekuwapo jenereta letu, mchana huu angekuwa ananyonyesha."



*

Kilichomwingia mtu huyu baada ya maziko sikielewi, nami nasimulia tu. Alikwenda jumbani amevaa glavu zake nyeupe, akawaambia askari: "Hili jenereta linahamishwa. Ni amri." Hawakuuliza amri ya nani. Kwetu neno hilo halihitaji jina mbele yake. Walilisukuma wenyewe kwenye magogo, kwa kunong'ona, hadi banda la dagaa.

Taa zikawaka bandani. Jokofu likaanza kuguna. Wanawake wakaendelea kuzaa kwa harufu ileile ya samaki, lakini sasa walikuwa wanarudi nyumbani kwa miguu yao. Mvulana mmoja aliitwa Jenereta na wazazi wake, na hakuna aliyewacheka.

Jumbani kiyoyozi kilinyamaza na joto la nchi yetu likaingia kwa mara ya kwanza, likazunguka makabati yote. Sahani hazikupata homa. Vikombe havikuzimia. Wachunga kondoo walibaki na mashavu yao. Fidelis alikaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, siku baada ya siku, akizitazama jinsi zisivyodhurika. Wanaomjua wanasema afadhali kingevunjika hata kimoja.

Mambo yaliharibika siku Mama wa Taifa alipomleta Musiyo Garnotel, aliyekuwa amerudi na nia njema ya kutuuzia makasha mengine. Walikuwa hawajamaliza ukumbi wa kwanza wakati poda ya Mama wa Taifa ilipoanza kuteremka. Ilishuka mashavuni, ikafika shingoni, na wigi nalo likaanza kufuata.

"Mbona kuna joto?" aliuliza.

"Kwa sababu ni mchana, Mama," alisema Fidelis.

Alikamatwa palepale. Na kabla hajafikishwa kituoni, jenereta lilikuwa limeshasukumwa kurudi. Habari za banda kwa wiki zilizofuata hazikutangazwa redioni, kwa hiyo sina cha kusimulia.

*

Kesi ilisikilizwa na Waziri Lushanga, ambaye siku za Jumatano alikuwa pia Jaji Mkuu. Bakuli la Mchuzi lililetwa mahakamani likawekwa juu ya mto wa mahameli, kama mlalamikaji.

"Mshtakiwa," alisema Lushanga, "ulimwambia Baba Mlezi kwamba kauri zinahitaji ubaridi?"

"Nilimwambia."

"Na ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa nausema. Nilitaka cheo."

Kwenye benchi la nyuma Bi Nambia alikuwa amempakata mtoto. Walioketi karibu naye wanasema hakutikisika. Alimsogeza tu mtoto kutoka bega hili hadi lile.

"Kwa hiyo ulimdanganya Rais. Kosa la kwanza. Kisha ukahamisha jenereta ukidai kauri hazihitaji ubaridi?"

"Hazihitaji. Mmeona wenyewe."

"Tumeona nini? Baba Mlezi ameshautangazia ulimwengu kwamba zinahitaji. Alipotangaza, ikawa kweli. Wewe umeukana ukweli wa Rais. Kosa la pili."

"Mheshimiwa, haiwezekani niwe mwongo niliposema zinahitaji, na niwe mwongo tena niliposema hazihitaji."

"Mahakama hii," alisema Lushanga kwa upole, "haipunguzi uwezo wa raia. Una la mwisho?"

Fidelis aliangalia lile bakuli juu ya mto. Akaangalia mstari wa mawaziri waliokuja kushuhudia, ambao wote walikuwa wamenywea humo.

"Hilo si bakuli la mchuzi," alisema kwa sauti ya kawaida. "Ni poti. Wanawake wa Ufaransa walikuwa wakikojolea humo kanisani. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikawanywesha wote."

Ukumbi ukawa kimya namna ambayo Sheria ya Utulivu haijawahi kupata. Waziri mmoja aliweka mkono mdomoni. Lushanga mwenyewe, aliyekuwa ameapishwa zaidi ya mara moja, alimeza mate, kisha akaonekana kujuta kwa kumeza. Akamwita Musiyo Garnotel kama shahidi mtaalamu.

Musiyo Garnotel alikuwa na makasha bandarini ambayo hayajanunuliwa. Alikitazama kile chombo kwa mapenzi.

"Kwa Kifaransa," alisema, "kitu hiki kinaitwa burdalu."

"Na maana yake?"

"Ni jina la padri mmoja. Mhubiri maarufu sana wa zamani."

"Padri!" alipaza Lushanga, na rangi ikamrudia usoni. "Mmesikia? Chombo cha padri! Na huyu anakiita poti!" Mawaziri walipiga makofi, wengine machozi yakiwatoka kwa nafuu. "Kosa la tatu: kufuru."

Tulidhani atanyongwa, na baadhi yetu tulikuwa tumeshachagua mahali pa kusimama. Lakini Baba Mlezi ana huruma. Alisema kumnyonga mtu aliyesomeshwa na Serikali ni kuharibu mali ya umma. Akaamuru atengenezewe kabati la kioo, kubwa kidogo kuliko mengine, liwekwe katika chumba ambacho zamani wanawake walikuwa wakijifungulia, kati ya kabati la mabirika na la wachunga kondoo. Humo akawekwa. Chakula kilipitishwa chini, mchana, wageni wakiangalia. Kibao chake kilisomeka: MTAALAMU. KARNE YA SASA. ANA UFA.

Watu walikuja wengi kuliko walivyokuja kwa sahani.

*

Bi Nambia hakuja. Alimlea yule mtoto kwa maziwa ya majirani, akampa jina la mama yake, Asteria, akaendelea kuuza mahindi ya kuchemsha. Alikuja mara moja tu, mtoto alipokuwa ameshajua kutembea bila kushikwa. Askari wa mlangoni walimvua viatu, wakamfunga mikono nyuma kwa utepe. Wakamfunga na mtoto. Utepe ulikuwa mrefu mno kwa mikono ile, ikabidi wauzungushe tena na tena.

Fidelis aliwaona wanakuja tangu mbali. Alipiga magoti ndani ya kabati, akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo. Alikuwa amekonda, na ndevu zake zilikuwa nyeupe kabisa.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, kupitia matundu ya hewa. "Ahsante. Ahsante kwa kumleta nimwone."

"Sikumleta umwone," alisema Bi Nambia. "Nimemleta akuone."

Kisha akainama kwa mtoto, na hakunong'ona. Alisema kwa sauti nzima, sauti ambayo chumba kile hakikuwa kimeisikia tangu wanawake walipokuwa wakizalia humo:

"Huyu ni baba yako. Alijua."

Askari walimrukia. Walimshika mikono na miguu wakamtoa nje kwa kunyata, kama sheria inavyotaka, na katika haraka ile wakamsahau mtoto. Alibaki amesimama mbele ya kabati, mikono imefungwa nyuma, akimtazama yule mzee aliyekuwa akilia ndani bila kutoa sauti. Alimtazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja.

Halafu akageuka, akaenda kuangalia vikombe.